Mwongozo kamili wa kuandika hadithi ukiwa na kazi nyingine: namna ya kufukia moto usiku na kuupuliza asubuhi

Mimi nauza kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, maeneo ya Mbuyuni. Nafungua saa 2 asubuhi nafunga saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, nina watoto wawili, mume wangu anaendesha Coaster ya Arusha, na katikati ya hayo yote naandika hadithi. Nimeshamaliza riwaya moja ya maneno 58,000 na hadithi fupi kama kumi na mbili hivi, nyingine nzuri nyingine bado. Naandika huu mwongozo mana kila nikikutana na mtu anayetaka kuandika ananiambia sentensi ileile, "sina muda dada." Na mimi nilisema hivyohivyo miaka mingi.

Saivi naamini tulikuwa hatujui tatizo liko wapi. Kwa sisi wenye kazi nyingine shida kubwa ni kurudi. Unaandika nusu saa, halafu zinapita saa ishirini na tatu na nusu za simenti, nondo, madeni ya watu, homuweki za watoto, msiba Uru, kikao cha shule, ukikaa tena hadithi imepoa kabisa, hukumbuki mhusika alikuwa anaongea kwa sauti gani wala kwanini alikuwa na hasira, unaitumia ile nusu saa yote kumtafuta na ukimpata muda umeisha. Rudia hivyo wiki tatu, utasema huna kipaji. Kipaji unacho, ila umekuwa unawasha moto upya kila siku kwa kuni mbichi.

Bibi yangu kule Kibosho alikuwa hazimi moto. Usiku anakusanya makaa katikati ya mafiga anayafukia na majivu, asubuhi anafukua, anaweka majani makavu ya mgomba, anapuliza mara mbili tatu, moto huo. Kiberiti kimoja kilikaa kwake miezi. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye hiyo picha.

HATUA YA 1: Ijue siku yako ilivyo kweli

Kabla hujaandika hadithi, andika siku yako. Wiki moja nzima, kila baada ya saa mbili hivi weka neno moja moja: kazini, njiani, kupika, simu, kulala. Mimi niliandika nyuma ya kitabu cha risiti kilichoisha. Usijipambe, hakuna anayekagua.

Nilichokiona kwangu ni hiki. Saa 8 mpaka saa 9 mchana duka linapoa, mafundi wote wako saiti na wateja wa majumbani wanaogopa jua. Asubuhi kwenye daladala kutoka Pasua nina kama robo saa. Usiku kuanzia saa 3 niko na simu, na huo muda ndo ulionishtua zaidi mana ni saa nzima na sikumbuki nilichokuwa naangalia. Na alfajiri, saa 11 mpaka saa 12, nyumba yote imelala.

Sasa usichukue hizo nafasi zote ukasema utaandika kwenye kila moja, utachoka siku ya nne. Nafasi zina kazi tofauti. Kuna muda wa kuandika kitu kipya, na huo unahitaji kichwa ambacho hakijaguswa na mtu. Kuna muda wa kurekebisha, unaweza kufanya hata duka likiwa wazi. Na kuna muda wa kuwaza tu, hauhitaji hata karatasi. Kwangu alfajiri ni ya kuandika, saa 8 mchana ni ya kurekebisha, daladala ni ya kuwaza, na usiku nimeuachia usiku, nalala.

Chagua dirisha MOJA la kuandika kitu kipya na ulilinde kama mtaji wa biashara. Dakika 30 zinatosha kuanzia. Kama kazi yako ni ya kusimama kutwa, kama mimi, nakushauri usichague usiku, mwili unakuwa umeshagoma na utaishia kuichukia hadithi bila kosa lake.

Na usidhani kuandika pembeni ya kazi ni uandishi wa daraja la pili. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, alianza idara ya forodha mwaka 1926, na miaka mingi ya uandishi wake aliipitisha akiwa mtumishi wa watu. Uingereza karne ya 19 kulikuwa na Anthony Trollope, mfanyakazi wa posta, yeye saa 11 na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake mbele yake, anajilazimisha maneno 250 kila robo saa, kwa saa tatu, kisha anaenda kazini. Ila kilichonigusa kwake ni kitu kingine. Nusu saa ya kwanza hakuwa anaandika, alikuwa anasoma alichoandika jana yake. Yaani naye alikuwa anafukua majivu.

Baridi ya hapa kwetu mwezi wa 6 na wa 7 itakujaribu. Moshi alfajiri ya Julai, ukungu umeshuka, blanketi linakuita kwa jina. Chai iwe kwenye chupa tangu usiku, sweta iwe kwenye kiti, daftari liwe limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Ukiamka uwe na kazi moja tu ya kufanya, kukaa.

HATUA YA 2: Vifaa

Vichache. Kaunta buku ya kwaya mbili, peni mbili, simu. Laptopu ukiwa nayo vizuri, ila usiifanye kuwa sababu ya kusubiri, riwaya yangu yote ilianza kwa mkono.

Kwenye kaunta buku naandika ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto naacha mtupu kwa ajili ya masahihisho, majina, tarehe, na ile mistari ya kufukia moto nitakayoielezea. Hii imenisaidia kuliko programu yoyote ya simu, mana hadithi na mawazo juu ya hadithi vinakaa uso kwa uso bila kuchanganyikana.

Jumapili jioni nachapa ya wiki nzima kwenye simu. Google Docs inakubali kuandika bila bando, ukipata intaneti inajipandisha yenyewe. Kuchapa huko usikuone ni adhabu, ni kusoma mara ya pili, sentensi nyingi mbovu nazikamata hapo mana kidole kinachoka kuandika maneno ya bure.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Mwaka wa kwanza nilikuwa nachapa kwenye simu moja kwa moja, sina daftari, sijapandisha popote. Simu ikaibiwa stendi siku ya Jumamosi jioni, kurasa 41 zikaenda nayo. Nililia kwa kweli, na sikuandika tena kwa miezi saba. Tangu hapo kila hadithi yangu inakaa sehemu tatu, daftarini, kwenye simu, na kwenye barua pepe ninayojitumia mwenyewe kila Jumapili. Inachukua dakika mbili. Fanya leo, usisubiri kuibiwa.

Tochi ya kichwani nunua pia, umeme ukikatika alfajiri usiwe na kisingizio.

HATUA YA 3: Kufukia moto (hapa ndo penyewe)

Ukikaa dakika 30, andika 25. Zile tano za mwisho sio za leo, ni za kesho. Watu wengi wanaandika mpaka tone la mwisho, wanamaliza sura, wanafunga daftari wakiwa wameridhika, kesho yake wanakuta ukurasa mweupe na kichwa cheupe. Mimi nafanya hivi.

Kwanza, naacha katikati ya jambo. Simalizi tukio, hata sentensi simalizi nikiweza. Ukurasa wangu wa juzi unaishia hivi: "Mama Eliya akashika kitasa cha mlango wa stoo, akasikia" basi, hapo nikaweka peni chini. Najua alichosikia. Kesho yake mkono wenyewe unakimbilia kumalizia, na ukishamaliza hiyo sentensi umeshaanza kazi bila kujua.

Pili, kwenye ukurasa wa kushoto naandika mistari mitatu. Mstari wa kwanza, kinachofuata. Wa pili, hali ya mhusika, mwilini sio kichwani. Wa tatu, swali moja ambalo sina jibu lake. Ya juzi ilikuwa: "Anasikia mkwe wake anahesabu hela na mtu mwingine. Miguu yake inauma toka asubuhi na hajala. Je atagonga au atarudi kimya?" Basi. Usiandike aya nzima, ukiandika sana utakuwa umeshatoa mvuke na kesho hutakuwa na hamu.

Tatu, asubuhi sisomi kuanzia mwanzo. Nasoma ukurasa wa mwisho tu, nasoma ile mistari mitatu, halafu naikopi ile sentensi iliyokatika juu ya ukurasa mpya kwa mkono wangu na naendelea nayo. Kukopi kunaonekana kupoteza muda ila hapana, ule mdundo wa jana unaingia tena mkononi.

Hili la kutosoma kuanzia mwanzo limeniumiza mimi mwenyewe. Riwaya yangu ya kwanza kabisa, ile ambayo haikuisha, kila alfajiri nilikuwa naanza sura ya kwanza, narekebisha neno hapa neno pale, muda unaisha. Sura ya kwanza niliirudia mara tisa. Sura ya nne haikuwahi kuzaliwa.

Nne, mchana puliza mara moja. Kwenye daladala nalichukua lile swali la mstari wa tatu nakaa nalo, silijibu kwa lazima, naliangalia tu wakati konda anagombana na abiria wa mia mbili. Mara nyingi jibu linakuja nikiwa napima misumari, na likija naandika maneno manne kwenye kipande cha karatasi naweka mfukoni.

Na moto ukizimika kabisa? Utazimika tu. Mtoto ataumwa, kutakuwa na msiba, wewe mwenyewe utaumwa, wiki mbili zitapita. Usianze upya na usibadilishe hadithi, hicho ndo kishawishi kikubwa, hadithi mpya inaonekana tamu kwasababu haijakuonyesha matatizo yake. Fanya hivi: siku ya kurudi usiandike chochote cha hadithi. Soma kurasa tano za mwisho kwa sauti, kisha chukua karatasi ya pembeni mwache mhusika wako akuandikie barua ya dakika kumi, akulalamikie umemwacha wapi na katika hali gani. "Umeniacha mlangoni na njaa." Barua hiyo haiingii kwenye kitabu, ila ikifika nusu tu utakuwa umeshaisikia sauti yake tena. Mimi hii haijawahi kuniangusha, hata Januari baada ya wiki tatu za Desemba.

HATUA YA 4: Kiasi

Maneno 250 kwa siku. Kwa mwandiko wangu ni ukurasa mmoja wa kaunta buku na kidogo. Siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, piga hesabu, ni maneno 60,000. Hiyo ni riwaya, tena riwaya nzito ya mkononi. Nilipopiga hiyo hesabu kwenye kikokotoo cha duka nilikaa kimya kidogo.

Ukikosa siku moja usijilipize maneno 500 kesho yake. Deni la maneno ni deni baya kuliko la simenti, linakua kila siku mpaka unaanza kulikwepa daftari lenyewe. Siku iliyopita imepita, kesho ni 250 zilezile. Wiki 48 nimesema makusudi mana zile nne nyingine naziacha wazi tangu mwanzo. Kwa sisi wa Kilimanjaro Desemba haiandikiki, mji mzima unapanda kihambani, kule kwenye mashamba ya ukoo, ndugu wanatoka Dar na Mwanza na kila kona, kuna ubatizo, kuna harusi, kuna mbuzi, kuna vikao vya ukoo vya kugawana mipaka ya migomba. Usipigane na Desemba. Nenda nayo na kadaftari kadogo, utarudi na mali ya mwaka mzima.

Kalenda ya ukutani uliyopewa bure dukani inatosha kuwa msimamizi wako. Umeandika, weka tiki. Hujaandika, acha wazi, usiweke alama ya kosa.

HATUA YA 5: Kuokota

Kazi yako ya mchana ndo shamba lako, na hapa mwenye kazi nyingine anamzidi kabisa mtu anayekaa ndani kutwa. Dukani kwangu ndani ya saa moja anapita fundi anayedai, tajiri anayejenga ghorofa na kuomba punguzo la mia tano, mjane anayenunua bati tatu tatu kila mwezi mpaka nyumba iishe. Yule mjane sijamwandika bado. Kila akija nahesabu naye bati zake.

Okota maneno yenyewe yalivyosemwa, usiokote maana. Fundi mmoja aliniambia "dada nipe mzigo, neno langu ni nondo." Ningeandika "aliahidi kulipa" ningekuwa nimetupa dhahabu. Kadaftari kadogo kakae kwenye aproni, andika sentensi na hali tu, usiandike jina la mtu.

Na usimchukue mtu mzima mzima ukampeleka kwenye hadithi. Moshi ni mdogo. Mchukue huyu sauti, yule kazi yake, wa tatu kovu lake, mchanganye mpaka hata wewe usimjue. Siri niliyoambiwa kama dada au jirani siiandiki hata ingekuwa tamu vipi. Hiyo kwangu haina mjadala.

Majina nayo yana kazi huku kwetu. Ukimpa mhusika jina la Shirima msomaji wa hapa anasikia Rombo kabla hujasema kitu, kwahiyo usimpe halafu ukasema kazaliwa Machame bila maelezo. Halafu lugha. Mtu akitaka kuonyesha mhusika ni Mchaga anamwekea "aisee" kila mstari, na wa Arusha anamwekea "chalii" kila mstari, inachosha na sio kweli. Watu wa huku unawasikia kwenye mpangilio, kwenye namna wanavyotaja hela kabla ya kutaja ugonjwa, namna mama anavyomwita mwanae "baba" akiwa anambembeleza na jina kamili akiwa amekasirika. "Aisee" moja kwenye ukurasa, mahali pake, inatosha.

HATUA YA 6: Nyumbani

Waambie. Nilificha mwaka mzima, nikawa naamka kama mwizi, mume wangu akaanza kuwa na wasiwasi na hiyo simu ya alfajiri. Siku nilipomsomea kurasa mbili alikaa kimya halafu akauliza "huyo jamaa anarudi?" Tangu hapo chai ya alfajiri siku akiwa hana zamu anaipika yeye. Omba muda unaojulikana, usiombe "muda wa kuandika" ambao hauna mwisho. Sema: saa 11 mpaka saa 12, siku tano, mlango ukirudishwa nisiitwe labda moto. Na wewe ukitoka hapo toka kweli, uwe wao.

HATUA YA 7: Fika mwisho

Rasimu ya kwanza ifike mwisho kabla hujarekebisha kitu kikubwa. Ukigundua sura ya tatu dada alitakiwa awe kaka, andika ukurasa wa kushoto "toka hapa ni kaka" na uendelee kama vile alikuwa kaka siku zote. Utarekebisha baadaye.

HATUA YA 8: Kukarabati

Ukimaliza, funga daftari wiki sita. Andika hadithi fupi wakati huo, au pumzika. Kisha soma yote kwa sauti, kwa sauti kweli, sio kunong'ona. Mimi nasoma Jumapili mchana watoto wakiwa kwa bibi yao. Ulimi ukijikwaa, weka alama. Ukijikuta unakimbiza aya, weka alama, mana na msomaji ataikimbiza.

Kitu cha kwanza ninachotafuta ni vitenzi. Sisi tuliofundishwa insha shuleni tunaandika: "Aliamka. Alinawa uso. Alichukua kapu. Alitoka." Kila kitenzi kimesimama peke yake kama wageni wasiojuana. Msikilize mama yako akisimulia: "Aliamka, akanawa uso, akachukua kapu, huyoo akatoka." Hiyo -ka- ndo kamba inayofunga matukio, na bibi zetu walikuwa nayo bila kwenda shule. Na -ki- inakupa mambo mawili kwa wakati mmoja, "akitembea akihesabu." Nilipopitia riwaya yangu kwa jicho hilo tu nilibadilisha karibu kila ukurasa, na ikaanza kutembea.

Cha pili ni methali. Mhusika mzee akiongea methali tatu mfululizo sio mzee, ni kanga. Acha moja, iliyo mahali pake.

Cha tatu ni ukweli wa mambo, na hapa usiwe mvivu mana msomaji akikukamata kwenye kitu kidogo hakuamini tena kwenye kikubwa. Niliandika mhusika anapanda treni Dar kuja Moshi mwaka 2005, nikajisifia ule usafiri wa dirishani. Treni ya abiria ya njia hii ilikuwa imesimama tangu miaka ya 1990 na ilirudi Moshi Desemba 2019, Arusha mwaka 2020. Ikabidi nimpandishe basi na nusu ya sura ikabadilika. Rafiki yangu alimfanya mhusika atumiwe hela kwa M-Pesa mwaka 2004, wakati huku Tanzania M-Pesa imeanza 2008. Angalia na majira. Masika hapa ni kuanzia Machi mpaka Mei, mavuno ya kahawa yanaanza katikati ya mwaka, na mlima ukiutaka uonekane vizuri kwenye hadithi yako uweke asubuhi mapema au jioni, mchana mawingu yanaufunika mara nyingi. Kwa mambo ya zamani nenda maktaba ya mkoa, Moshi ipo na Arusha ipo. Wazee pia waulize, ila waulize bei na vyakula na nguo, hivyo ndo wanavyokumbuka vizuri.

HATUA YA 9: Wasomaji watatu

Watatu wanatosha. Mmoja anayesoma sana hadithi, mmoja asiyesoma kabisa, na mmoja anayeijua kazi ya mhusika wako. Mimi nilimpa fundi wa paa, akaniambia "hiyo kenchi uliyoiandika ingeanguka." Printi steshenari, baindi kwa ringi, wape na peni. Usiwaulize "nzuri?" watasema nzuri. Waulize: ulichoka wapi, ulichanganyikiwa wapi, yupi ulimchukia. Wawili wakitaja ukurasa uleule, una tatizo pale. Usijitetee wakati wanaongea. Ni ngumu sana hii lakini nyamaza na uandike.

HATUA YA 10: Kuitoa

Kuna njia kadhaa na hazigombani. Wengi siku hizi wanaanza kwa kutoa vipande kwenye Facebook na WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, zinazofuata kwa malipo kidogo. Inakupa wasomaji haraka na inakufundisha kuacha msomaji mlangoni. Ila usianze kutoa sehemu ya kwanza wakati ya kumi hujaiandika, kwa sisi wenye kazi hiyo ni kamba ya shingoni. Maliza kwanza yote, ndo utoe.

Kuna mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Soma masharti mstari kwa mstari, idadi ya maneno, fonti, namna ya kutuma, usitolewe kwa kitu cha kijinga.

Hakimiliki ya hadithi yako unayo tangu ulipoiandika, kwa sheria ya mwaka 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Kuisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi likitokea la kutokea. Ukichapisha kitabu mwenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Na kuwa makini na hela. Kuna mtu alichukua pesa zangu za miezi minne akisema anachapa nakala 200, mpaka leo sijaona hata moja. Kosa langu lilikuwa kulipa yote bila karatasi. Sasa naelekeza hivi: omba kuona vitabu alivyochapa uvishike mkononi, andikianeni mkataba unaotaja idadi, aina ya karatasi na tarehe, lipa nusu, chapeni nakala chache kwanza kama 50, ukizikagua ndo umalizie. Mswada mzima usimtumie mtu usiyemjua kwa WhatsApp kwasababu tu amesema yeye ni mchapishaji.

Siku unayotuma mswada, pita steshenari ununue kaunta buku nyingine kabla hujapanda daladala, na usiku huohuo kabla ya kulala andika ukurasa wa kushoto ile mistari mitatu ya hadithi inayofuata. Yangu ya sasa inaanza hivi: "Mjane anahesabu bati. Mikono yake ina chokaa. Nani alimwambia nyumba itaisha?"